Alfajiri za Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo mvua ya kwanza ya masika imenyesha na mume wangu amekuwa kiongozi. Mambo haya mawili hayana undugu, ila yameshirikiana kuniharibia nguo nilizoanika: mvua imezilowesha, na kiongozi ameifungua kamba ili apate ya kuruka.

Cheo anacho tangu Januari. Ni meneja wa kiwanda cha magodoro, na hilo sikulipinga; miaka yote amefanya kazi kama punda. Lakini uongozi wenyewe, anasema, ameupata juzi kwenye semina ya hotelini, kwa mtu anayejiita Kocha. Amerudi na fulana mpya, chupa ya maji yenye mistari ya kupimia kiu, na uso wa mtu aliyeonyeshwa mbingu dirishani.

Baada ya chakula alitukalisha sebuleni, mimi na mama yake. Watoto wako bwenini, bahati yao.

"Kuanzia kesho naamka kabla ya jogoo," alisema. "Naoga maji baridi, nakimbia, kisha naingia chumba cha wageni, nakaa kimya mpaka saa moja. Simu itakuwa kwenye droo. Mpaka hapo, mtu asinisemeshe. Anayeitawala asubuhi yake ameshaitawala siku."

"Na nani atamwinua Mama?" nikauliza.

Tangu Mama apate kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalala, ni yeye aliyekuwa akimtoa kitandani kila asubuhi. Ndiyo kazi pekee ya nyumba hii ambayo sijawahi kumsahihisha.

"Kiongozi hugawa majukumu, mke wangu."

"Kumbe mimi ni jukumu," Mama akasema, akageukia taarifa ya habari.

Nimeamua kumwita Mheshimiwa humu daftarini. Kwingine nitaendelea kumwita baba watoto, kama mke mwenye adabu.

Jumanne, 4 Machi

Ameoga maji baridi. Nimejua, na majirani wamejua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Amekimbia. Amerudi na matope mpaka kwenye nyusi, akayapitisha sebuleni kwa ukimya wa kiongozi. Nimepiga deki kwa ukimya wa mke wa kiongozi.

Ijumaa, 7 Machi

Kumwinua Mama si kazi ya nguvu, ni kazi ya kujua. Unamkalisha ukingoni mwa kitanda, unaweka goti lako kati ya magoti yake, mkono wake mzima unaukumbatisha shingo yako, kisha mnasema "haya" kwa pamoja. Mmoja akitangulia, mmekwisha. Mume wangu alikuwa akifanya hivyo huku wanataniana. Mimi sina utani na mwanamke huyu. Siku nilipoletwa kwake mara ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akamwuliza mwanawe, "Hawa ndio waliobaki?"

Leo yeye kasema "haya" mapema, mimi nikachelewa. Tumeangukia kitandani, pua yangu shingoni mwake.

"Mikono yako baridi kama ya polisi," akaniambia.

"Na wewe mzito kama kesi," nikamjibu.

Ilinitoka tu. Nikangoja ngurumo. Kisha nikahisi kitanda kinatikisika: bibi huyu alikuwa anacheka.

Jumapili, 9 Machi

Kuna kipengele kipya. Anajisemesha kwenye kioo cha bafuni. "Mimi ni mwamba! Mimi ni mto usiorudi nyuma!"

Mama akaniita. "Anagombana na nani huko?"

"Na nafsi yake, Mama."

"Nani anashinda?"

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Amekimbia. Ilipokaribia saa moja alitoka akanionyesha kwa ishara kwamba chai haina sukari. Nami nikamjibu kwa ishara.

Jumanne, 18 Machi

Mtunza bohari wa kiwandani alipita jioni kuleta foronya za Mama. Ni mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno, lakini leo nilimkaribisha chai na yakamtoka.

"Shemeji, siku hizi kule tunapumua."

"Mnapumua?"

"Kila asubuhi, kwenye duara, uwanjani. Tunavuta hewa, tunaishika, tunaiachia. Juzi mvua ilitukuta tumeishika. Hakuna aliyeruhusiwa kukimbia, eti mwili ndio unaotaka kukimbia, siyo sisi. Halafu tukiingia ndani tunaambiwa tumechelewa kuanza kazi."

"Na vijana wanasemaje?"

Akaangalia mlango. "Wamempa jina. Wanamwita Muadhini. Kuamsha watu, anaamsha. Lakini hata yule mwenyewe akishaita, huwaacha watu wafanye yao."

Nilicheka mpaka nikamwagia chai foronya. Kisha nikaona aibu kidogo, si kwa sababu ya foronya. Mtu anayemcheka mumewe mbele ya wafanyakazi wake ni mtu wa namna gani? Mwenye macho, nikajijibu, na nikalala vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Redio imemhoji. Walikuja na kinasa sauti mpaka sebuleni. Nimepika, nimefuta vumbi, nimemkalisha Mama chumbani na mlango nikaurudishia ili kikohozi chake kisiingie hewani.

"Siri ya mafanikio yako, meneja?"

"Utulivu wa asubuhi," Mheshimiwa akasema, kwa sauti aliyoichimba sijui wapi. "Nyumba yangu, mpaka saa moja, ni kimya kabisa. Kimya hicho nimekijenga mimi mwenyewe."

Mwenyewe! Kimya hicho kina matofali yake, na kila tofali nimelibeba mimi: beseni nalinyanyua lisigonge ukuta, mlango naushika kwa mikono miwili, Mama naye anajizuia kukohoa kama mwizi aliye darini. Mheshimiwa anakaa juu ya migongo yetu, halafu anasifu ulaini wa kiti.

Jumatano, 26 Machi

Nimeanza kuamka mapema kuliko inavyonilazimu. Sijui kwa nini ninaandika hivi kana kwamba naungama, maana ni jambo dogo: napenda kukaa na Mama kabla hakujapambazuka. Tunanong'ona. Leo kanisimulia kwamba Mheshimiwa, mwamba wetu, mto wetu usiorudi nyuma, alikuwa akiitwa Kitumbo mpaka anaanza shule. Alikuwa na tumbo kama chungu na hakulala bila kumshika mama yake sikio.

"Alikuwa mwoga?"

"Mwoga wa nini? Alikuwa anataka kujua kama nipo." Akanitazama kwa muda. "Wewe siku ile ulivaa viatu vya mtu mwingine. Vilikuwa vikubwa. Ndicho nilichokuwa natazama."

Ni kweli, vilikuwa vya dada yangu. Miaka yote hii nimemchukia kwa jicho alilovitupia viatu vya kuazima.

Jumatano, 2 Aprili

Mito ya maji machafu imeingia visimani na kipindupindu kimeingia mjini. Maabara yetu ya hospitali, ninakofanya kazi, imejaa vikopo vya sampuli. Siku nzima niko kwenye darubini, shingo imekuwa mti. Nimerudi nikamkuta Mheshimiwa ananisomea kwamba uchovu ni uamuzi.

Jumatatu, 7 Aprili

Gari la hospitali litanipitia kesho kukiwa bado giza. Wamelazwa wengi mno na sampuli haziwezi kusubiri. Nilimwambia mezani, tukitazamana, simu yake ikiwa imefunikwa.

"Kesho Mama ni wako."

"Sawa."

"Akiamka tu. Huwa anahitaji choo."

"Nimesema sawa, mke wangu. Nimeshamweka kwenye ratiba."

Alhamisi, 10 Aprili

Sikuweza kuandika kabla ya leo.

Jumanne nilikuwa na glavu mikononi mhudumu wa mapokezi aliponiita dirishani. "Mkweo yuko hapa chini. Ameanguka." Nilivua glavu nikazitupa sijui wapi, nikashuka ngazi nikiwa na barakoa bado. Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, khanga yake imelowa, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na mguu, ule mzima, umegeukia nje kama si wake. Nyonga imevunjika. Aliponiona alisema, "Nimekukatiza kazi." Nilimwambia anyamaze. Ni mara ya kwanza nimemwamuru na akatii.

Mheshimiwa alikuwa ameegemea ukuta, na ile fulana ya semina mwilini. Akamweleza daktari: aliingia chumbani akamkuta chini, kati ya kitanda na kiti. Alijaribu kuinuka mwenyewe. Aliteleza. Mama akaitikia, "Niliteleza."

"Uliingia saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa moja."

Saa moja. Alikuwa amemweka kwenye ratiba, kweli, na alimweka mahali pake: baada ya maji, baada ya mbio, baada ya kimya. Nilimtazama kama ninavyotazama kilicho chini ya kioo cha darubini, nikijua ni nini na kinaua vipi.

Mama alipoingizwa kufungwa uzito wa kuunyoosha mguu tulikaa kwenye benchi la korido. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele, kwa hiyo aliponiambia ilibidi anikaribie sikioni.

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Aliniita. Kitumbo, akaita. Mara mbili."

Nikaivua barakoa.

"Nikadhani ni kichwa changu. Kocha alituambia sauti zitakuja, za utotoni hasa, zitakuvuta utoke. Alisema anayeziruhusu zipite ndiye..." Hakumaliza. "Nikaziruhusu zipite."

Alikuwa analia. Mwanamume mzima, fulana kifuani inasema AMKA UTAWALE. Nikainuka nikaenda kunawa mikono, maana sikuwa na la kufanya nayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamemfanyia upasuaji. Umekwenda vizuri. Wifi yangu, mdogo wake Mheshimiwa, amefika na basi la asubuhi. Amemkumbatia kaka yake, akamwambia, "Pole, kaka, umelibeba peke yako." Nilitoka nje nikatazame mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mheshimiwa ameniuliza kama nitavaa lile gauni la bluu Jumamosi. Kongamano la Kocha. Yeye ndiye mfano wao wa mwaka.

"Unakwenda?"

"Niliahidi," akasema. "Kiongozi havunji ahadi."

Nimelipiga pasi gauni la bluu.

Jumamosi, 19 Aprili

Ukumbi ulijaa: mameneja, wakuu wa shule, wenye maduka, wote wana chupa za mistari. Nilikalishwa mstari wa mbele, wifi kulia kwangu. Kocha ni kijana mwenye meno mengi. Alimwita mume wangu jukwaani kwa muziki.

Alianza vizuri, nitakuwa mkweli. Alizungumzia kiwanda, akawachekesha. Kisha akapumua, akaishusha sauti.

"Ndugu zangu, mwezi huu mama yangu mzazi alianguka. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Lakini mimi asubuhi yangu ilikuwa imeshajengwa. Nilimkuta chini, nikatulia. Nikapiga simu. Nikambeba. Akili iliyoandaliwa haitetemeki!"

Walisimama. Walipiga makofi mpaka Kocha akafuta jicho. Nilimwona mume wangu anawatazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyesifiwa mchoro. Alikuwa ameshaamini. Aliyenililia koridoni wiki mbili hata hazijapita, alikuwa ameliosha jambo lile kwa maji yake baridi mpaka likawa ushindi.

Kisha mshereheshaji, kama ilivyo desturi yao, akasema, "Na sasa tumsikie mama bosi, nyuma ya kila mwanamume aliyefanikiwa! Machache tu, mama."

Wifi akanisukuma kwa kiwiko. Nikapanda.

"Mimi sina mengi," nikasema. Spika ikalia, kijana mmoja akaitengeneza, nikasubiri. "Siku ile mama mkwe wangu alipoanguka, alikuwa ameita. Mume wangu alimsikia, kaniambia mwenyewe. Alikuwa kwenye kimya chake, kwa hiyo akakimaliza kwanza. Mama alikaa sakafuni nyonga imevunjika mpaka saa moja ilipofika. Basi. Asanteni."

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi kwa mazoea, akajishtukia.

Sikumtazama mume wangu mpaka nimeshuka. Nilikuwa nimengoja utamu wa dakika ile tangu tarehe tatu ya mwezi wa tatu, na ulikuwepo, sitasema uongo. Ulikuwa kama peremende ya dawa: utamu juu, halafu unaifikia dawa yenyewe.

Jumapili, 20 Aprili

Nilimpelekea Mama uji. Wifi alikuwa ameshatangulia, na habari ilikuwa imeshatangulia naye. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amefura.

"Umemvua nguo kaka yangu hadharani," akaniambia.

"Nenda kanunue maji," Mama akamwambia binti yake. Chupa tatu zilikuwa mezani. Akaenda.

Mama hakuugusa uji. "Unadhani umenipigania?"

"Mama, alikusikia."

"Najua alinisikia. Chumba changu na cha wageni ukuta ni mmoja. Alikuwa anapumua kwa nguvu, vile vyao. Nilipoita, akaacha. Asiyesikia haachi kupumua." Akatazama dirisha. "Halafu akaendelea."

Nilitaka kumshika mkono, akausogeza.

"Hilo ni langu na lake. Nilikuwa nimelilalia, na mimi ndiye nijuaye lini nitaamka nalo. Wewe umelichukua ukapanda nalo jukwaani. Yeye kafanya kwa ujinga, mwanangu. Wewe ulijua unachofanya. Ulikuwa umevaa na kujipanga."

"Nilisema ukweli."

"Ulisema. Na ulivyorudi kukaa, uliniwaza mimi, au uliutazama uso wake?"

Nilibeba bakuli langu nikaondoka. Kwenye ngazi nilikuwa bado natafuta jibu, na la uongo pia lingenifaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Hakukimbia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Hakukimbia.

Jumatatu, 28 Aprili

Mtunza bohari anasema duara limekufa. Hakuna aliyelikataza, meneja hatokei tu uwanjani, anakuja mchana kavaa shati lisilopigwa pasi, anajifungia ofisini. Wafanyakazi hawamwiti Muadhini tena. Hawamwiti chochote. "Wanamwonea huruma, shemeji," alisema, na kwa jinsi alivyolitaja neno huruma nilitamani wangemcheka.

Kocha amepiga simu mara kadhaa. Haipokelewi.

Nyumbani analala mpaka jua linamkuta. Nilidhani nitafurahi. Namdharau akiwa amelala kuliko nilivyomdharau akikimbia, na hilo limenishtua. Akipanda, namdharau kwa kupanda. Akishuka, kwa kushuka. Kama kila nikipima nakuta ugonjwa uleule, fundi yeyote wa maabara atakwambia anza kwa kukagua kifaa.

Jumamosi, 3 Mei

Kipindupindu kimepungua. Leo vikopo vichache tu.

Nimekwenda kwa Mama na kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alinikatiza: "Nikunie mgongo, hapo, juu zaidi." Nikamkuna. Hatukulizungumza tena. Wauguzi wamenifundisha namna mpya ya kumwinua, maana ile ya zamani itamvunja upya. Mheshimiwa hakuwepo. Huja jioni, husimama miguuni mwa kitanda, humwuliza kama amekula, huondoka. Hawajawahi kubaki peke yao wawili. Nadhani anahakikisha hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Mama amerudi nyumbani. Wifi alitaka amchukue. Mama akasema hana haja ya kwenda kujifunza ukuta mwingine. Mume wangu alibeba mabegi yote kwa mpigo mmoja ili asipate mkono wa kumshika Mama.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekata. Niliamka kabla ya mwanga nikamkuta jikoni, amekaa gizani, hana fulana ya semina wala chupa. Nikawasha taa, nikabandika maji. Alinitazama nikihangaika na vikombe.

"Unanidharau," akasema. Halikuwa swali.

Ningeweza kusema hapana. Wanawake wengi wenye busara kuliko mimi wangesema hapana, na asubuhi ingeendelea.

"Ndiyo."

"Tangu siku ile?"

Nikakaa. Nilitaka kumpa jibu la kweli na mara hii bila watu. "Kabla. Hata kabla ya Kocha. Sijui lini. Ulikuwa unaongea mezani na mimi nakusahihisha moyoni, kila kitu, mpaka unavyokata mkate."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu aliyoyajua. "Nilikuwa naona. Nikawa meneja, nikasema labda sasa. Ukaniambia hongera huku unakagua kola yangu." Akacheka kidogo, vibaya. "Ndiyo maana nilikwenda kwenye ile semina. Yule kijana alitusimamisha mmoja mmoja akatuambia, wewe ni mkubwa. Nilijua anatudanganya. Lakini alikuwa ananitazama machoni."

Nimeandika kurasa hizi zote tangu masika yaanze, nikimweka chini ya kioo, na hakuna hata ukurasa mmoja nilioandika kwamba aliogopa. Hilo halimtoi hatiani. Mama alikaa sakafuni, na litabaki hivyo hata tukizeeka. Lakini sikuliona, mimi ninayelipwa kwa kuona.

Maji yalichemka. Chumbani Mama akakohoa, kile kikohozi chake cha kutuarifu kwamba ameamka, halafu akaita. Tulisimama wote wawili.

"Nenda wewe," nikasema, nikakaa tena.

Akashika ukingo wa meza. "Siijui hiyo namna mpya. Nikikosea?"

"Utakosea. Yeye anaijua, atakwambia."

Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kwenda chumba cha pili. Kisha akaenda. Nilisikia mlango, nikasikia anaanza kusema kitu na sauti inamkatika. Kisha Mama akaanza kumgombeza. Mkono si hapo, akasema, na huo mguu unautaka wa nini, na umekonda hivi kwa nini, huli? Alimgombeza bila kupumzika, kwa sauti ya mtu aliyekingoja kitu hicho mwezi mzima.

Sikuinuka.